Mnaonunua nguo laivu TikTok, mnamjuaje muuzaji wa kweli?

kipepeo_mby
Wakuu habari za jioni. Niko Mbeya, wiki iliyopita usiku niliingia laivu ya dada mmoja wa Dar anauza magauni ya mtumba, anafungua belo hapo hapo, kila gauni analinyanyua sekunde chache tu, "namba saba, elfu kumi na nane, nani kawahi?" na komenti zinamiminika "mimi", "nimelipa", nikaona nikizubaa nalikosa nikatuma hela na ya basi juu. Mzigo umefika jana, kwapa la kushoto limechanika, zipu inagoma katikati. Nampigia hapokei, leo kaniblok. Na nilitaka kulivaa sendofu ya mdogo wangu Jumamosi, imeniuma sana.

machinga_kkoo
Pole sana dada. Mimi nauza viatu laivu Kariakoo, nakwambia ninachokiona. Hizo "nimelipa" nyingine ni za washikaji zake, kama wale wanaokalishwa kwenye basi stendi ili abiria aone linajaa. Usikimbizane nao. Andika "geuza ndani, funga zipu mpaka juu, weka futi kamba kiunoni". Anayetaka urudi kesho atafanya, inamchukua nusu dakika. Ukiona za wenzako anasoma yako anairuka kila ukiandika, toka.

binti_fundi
Na uangalie jina linalokuja kabla hujathibitisha muamala, duka linaitwa hivi halafu namba ina jina jingine kabisa, muulize kwanza hapo hapo laivu kila mtu asikie. Mi narekodi na skrini pia.

mzee_wa_data
Umaarufu nao usikudanganye. China wako mbali kwa haya mambo, Taobao, soko lao la mtandaoni, wana laivu tangu 2016, ila 2020 muuzaji mkubwa wa Kuaishou (app yao ya video kama TikTok), Xin Youzhi, kauza kinywaji cha viota vya mbayuwayu, kumbe zaidi ni maji ya sukari. Kampuni yake ikapigwa faini yuan 900,000, na waliomwamini walikuwa mamilioni.

kipepeo_mby
Asanteni jamani. Fundi anabadilisha zipu, kwapa anasema atatoa kitambaa kwenye pindo la chini. @machinga_kkoo una kisigino kifupi namba 39? Nataka unigeuzie soli niione.

machinga_kkoo
Ninavyo viwili, cheusi na maruni. Ingia saa 2 usiku, naanza na vyako.