Vidonge vya kibofu vimewafanyani? Tupeane uzoefu

Mwana wa Langoni
Asalaam aleikum jamaa. Jana nimepewa nisome Yasin kwenye hitima, nikafika katikati ulimi ukagandana na kaakaa. Si kusahau, mate hayako! Watu wakadhani nimeshikwa na kilio, mzee mmoja akawa anipigapiga bega. Kumbe ni hivi vidonge vya kibofu, oksibutinini, miligramu 5 asubuhi na jioni, niko wiki ya tatu. Kweli mbio za msalani zimepungua, usiku naamka mara moja badala ya tano. Lakini mdomo kama nimelamba chokaa. Wenzangu mnaotumia, nyinyi je?

Mama Wawili
Mdomo? Mimi choo. Siku nne. Sina la kuongeza.

Nahodha Mstaafu
Afadhali huo mdomo mkavu kuliko niliyoyaona kabla ya dawa. Twatoka Faza, maji yamekupwa, boti ikakwama pale Mkanda. Wanawake mbele, wanawake nyuma, mimi nimeshika usukani na kibofu chataka kupasuka. Nikaruka majini na kikoi changu nikajifanya nasukuma boti. Hadi leo nasifiwa kwa ule uhodari. Nimeanza vidonge mwaka jana, vyanitia ukungu wa macho kidogo, gazeti lanishinda. Sijali.

Fundi Mawe
Mimi nachimba mawe Manda. Tangu nianze hizo dawa sitoki jasho. Nikafurahi, shati kavu siku nzima! Saa saba mchana, jua la kaskazi, nikaanguka chali. Kumbe jasho ndilo lapoza mwili. Siku hizi nafanya kazi alfajiri tu, mchana naukimbia.

Bint Mkomani
Chekeni tu. Mamangu ana miaka 76. Alipewa vidonge hivyo hivyo kwa sababu alichoka kutawadha, rakaa mbili udhu umeondoka. Wiki mbili mambo shwari. Kisha mafua yakamshika, tukamnunulia dukani vile vidonge vidogo vya njano, akawa anakunywa kimoja asubuhi, kimoja usiku.

Usiku wa tatu nasikia mtu anazungumza dakani, pale kibarazani mlangoni. Natoka, ni mama, gizani, amejitanda buibui, ameshika birika tupu. Aniambia nimpishe, babangu amefika na jahazi na hajapewa kahawa. Babangu ana miaka 11 kaburini! Nikamulika simu: mboni zimetanuka kama za paka, uso mwekundu, ngozi ya moto wala hana tone la jasho. Halafu vidole. Vilikuwa vikiokota kitu hewani, polepole, kama mtu anayechambua mchele, na akiona kijiwe anakitupa pembeni. Hilo ndilo lililonivunja miguu.

Ami yangu akasema jini. Akaitwa mtu wa kusoma, kombe likaandikwa, zile aya za sahanini zinazooshwa kwa maji ya kunywa, mama akalinywa lote maana kiu ilimkausha koo. Asubuhi binamu yangu muuguzi akaja kwa boti ya kwanza kutoka Mokowe. Kamgusa mama paji la uso, kisha swali moja: "Dawa zake ziko wapi?" Akazimwaga kwenye sinia. Akasema hiki cha kibofu na hiki cha mafua ni ndugu, vyote vyakausha, na kichwa cha mtu mzima hakivihimili kwa pamoja. Tukaenda hospitali, vyote vikasimamishwa. Siku ya tatu mama akauliza nani kamaliza sukari. Hapo tukajua amerudi.

Mama Wawili
Ya Rabi. Nimeingia ndani kuangalia za bibi.

Ami Mbishi
Na hilo kombe je? Mbona hulisifu? Hospitali mmeenda baadaye.

Bint Mkomani
Alilinywa saa nane za usiku, akachambua mchele wake mpaka adhana.

Ami Mbishi
Watoto wa siku hizi mwadharau Qur'ani.

Bint Mkomani
Hakuna aliyeidharau. Nasema dawa ilizidi.

Punda Mbio
Ami, goti lako si ulilipeleka kwa daktari wa mifupa? Kombe uliliacha wapi?

Ami Mbishi
Goti si jini wewe.

Mwana wa Langoni
Jamani, turudini kwenye mdomo wangu.

Wa Malindi
Mwenzenu nilikuwa na vidonge vyangu, mume akaona nalala usiku kucha, akaviiba. Kumbe ana tezi dume na hajui. Siku ya pili mkojo ukafunga, hata tone, tumbo limejaa kama ngoma. Alitiwa mpira ukatoka zaidi ya lita moja. Daktari akamgombeza, akageuka akanigombeza na mimi! Nimekosa nini?

Punda Mbio
Umekosa kufunga kabati.

Mama Wawili
Kwa mdomo mkavu, mumunya mabuyu.

Wa Malindi
Yenye sukari yatakumaliza meno, mdomo hauna mate ya kuyalinda. Vipande vya barafu, au ubani wa kutafuna usio na sukari. Mimi nilibadilishiwa, natumia mirabegroni. Hiyo haikaushi sana, ila yapandisha presha, lazima upimwe. Na bei yake nusura niirudishe pale pale dirishani.

Fundi Mawe
Mimi nimepunguza maji, basi.

Bint Mkomani
Wewe uliyeanguka juani ndiye unayepunguza maji? Mkojo ukiwa mzito wakichokoza kibofu zaidi, tena choo chafunga. Punguza kahawa chungu. Mtu vikombe sita barazani halafu alaumu kibofu.

Nahodha Mstaafu
Kahawa muniachie.

Wa Malindi
Na mwenye presha ya macho amwambie daktari mapema, kabla ya kidonge cha kwanza. Nahodha, huo ukungu wako kapimwe.

Mwana wa Langoni
Nimerudi kliniki leo. Nimeshushiwa hadi miligramu 2.5, nimeambiwa pia nijizoeze kuzuia haja dakika chache kila siku nikiongeza. Arubaini ni wiki ijayo, nitasoma na chupa ya maji pembeni.

Abiria wa Siyu
Nahodha, mie nilikuwamo botini siku ile ya Mkanda. Tulijua. Maji yalikuwa ya magoti.