Naomba ushauri: kurekodi mahojiano na bibi aliyeko Maskat kwa simu ya intaneti

BintiShangani:
Asalaam aleikum wakuu, na habari za jioni kwa wote.

Kwetu Unguja, lakini nasoma Dar. Kazi yangu ya mwisho ya chuo inahusu maisha ya Mji Mkongwe kabla ya 1964: skuli, harusi, msimu wa karafuu, nani alikaa mtaa gani. Ninayemtegemea kuliko wote ni mdogo wake bibi yangu, yuko Maskat. Familia yao ilihamia Oman miaka ya sabini, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje. Sasa ana miaka themanini na kitu. Akili yake timamu, ila anachoka haraka. Safari mwaka huu haiwezekani.

Tunazungumza kwa Zoom, yeye anatumia simu ya mjukuu wake. Huwa naweka simu yangu spika, halafu simu ya pili pembeni ndiyo inarekodi. Kinachotoka hakifai: sauti yangu inapiga kelele, yake iko mbali na ina mwangwi, na akishusha sauti (ndipo anaposema mambo mazito) sisikii kitu. Nina laptopu ya Windows na hedifoni za waya. Hela ya kulipia programu sina.

Nifanyeje sauti yake itoke safi? Na kuhusu ruhusa, inatosha kwamba ni bibi yangu na anajua ninarekodi?

FundiMitambo:
Hongera dada kwa kazi hii. Nimefanya kazi ya sauti redioni miaka mingi, na nakwambia kwanza: achana na spika. Sauti ya bibi ikitoka kwenye spika inapita hewani, inagonga kuta, ndiyo iingie kwenye maiki ya simu ya pili. Kilichopotea njiani hakirudishwi na programu yoyote.

Weka Zoom kwenye laptopu. Akaunti ya bure inaruhusu kurekodi na kuhifadhi ndani ya kompyuta yenyewe, jambo ambalo kwenye simu bila kulipia hulipati. Kabla ya kupiga, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kurekodi, uweke alama pale panapotaka kila mshiriki awe na faili lake la sauti. Hilo ndilo muhimu kuliko yote. Bibi anasimulia, wewe unaitikia "eeh, naam bibi". Sauti zikiwa faili moja hutaweza kuzitenganisha tena. Zikiwa mbili, unaishusha yako na yeye anabaki peke yake.

Hedifoni vaeni nyote. Asipovaa, sauti yako itatoka kwenye simu yake na kurudi kwenye maiki yake. Zoom itajaribu kuukata huo mwangwi, na mara nyingi itakata na maneno yake.

Zoom ya bure inakatika baada ya dakika 40. Kwa mzee anayechoka huo ni muda wa kutosha. Apumzike, mfungue kikao kingine. Ukimaliza usifunge laptopu haraka, subiri igeuze faili. Umeme ukikatika katikati usilie, tafuta kwenye folda ya Zoom faili lenye jina double_click_to_convert, libofye mara mbili, mara nyingi linaokoka.

Kijana_wa_Buza:
Mbona mnajisumbua? Kuna programu kibao za kurekodi simu za WhatsApp. Unapakua, unabonyeza, kwisha.

FundiMitambo:
Mkuu, kwenye Android nyingi za sasa hazifanyi kazi hivyo. Mfumo wenyewe unazizuia programu za kawaida kuchukua sauti ya mtu wa upande wa pili kwenye simu za namna hii, kwa sababu za faragha. Utajikuta na dakika thelathini za sauti yako tu, ya bibi hakuna. Na baadhi ya programu hizo zinaomba ruhusa ya kuona kila kitu kwenye simu yako. Mimi siwezi kuzipendekeza.

MkaaziWaSeeb:
Mimi niko huku Oman. Simu za WhatsApp huku kwa kawaida hazipiti, ndiyo maana wanatumia Zoom. Ujumbe na mafaili yanapita bila shida, na hapo ndipo nina wazo.

Mjukuu atafute simu ya pili, aiweke hali ya ndege, afungue kinasa sauti cha kawaida na kuilaza juu ya mto karibu na bibi, kama shubiri mbili kutoka mdomoni. Zoom iendelee kwa simu ya kwanza. Mkimaliza akutumie faili kwa WhatsApp kama hati, asitume kama ujumbe wa sauti. Sauti hiyo haijapita kwenye intaneti hata chembe, kwa hiyo mtandao ukiyumba haiguswi.

Jingine: mwambie mjukuu azime kiyoyozi. Nyumba za huku kinanguruma mchana kutwa na sisi tumeshakizoea, hatukisikii, lakini maiki inakisikia. Wakati wa joto kali kizimwe wakati wa kurekodi tu, kiwashwe mnapopumzika. Ijumaa usipige, nyumba inajaa watoto na wajukuu. Jumamosi asubuhi ni nzuri, na sisi tuko mbele yenu saa moja.

FundiMitambo:
Nakubaliana na ndugu wa Seeb mia kwa mia. Faili la ile simu iliyo juu ya mto ndilo liwe lako kuu, la Zoom liwe akiba. Mwanzoni bibi au mjukuu apige kofi moja karibu na simu. Kofi hilo litaonekana kama mwiba kwenye faili zote mbili, unalinganisha hapo kwa Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti. Kwenye rekodi ndefu vifaa viwili hupishana kidogo, basi pigeni kofi jingine mwishoni.

WakiliMdogo:
Kwenye ruhusa, undugu hautoshi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Oman nao walitunga ya kwao mwaka huohuo wa 2022. Lakini hata kama sheria zisingekuwepo ningekuambia hivi hivi.

Kumwambia "bibi, narekodi" ni hatua ya kwanza tu. Mweleze nani atasikia: wewe, msimamizi wako, maktaba ya chuo, au dunia nzima ukiiweka mtandaoni. Mengi ya 1964 bado yanauma, na watu atakaowataja wana watoto na wajukuu walio hai, Unguja na huko. Mpe nafasi ya kusema "hili lisitoke", au "litoke mimi nikishaondoka duniani". Arekodiwe akiridhia kwa sauti yake mwenyewe mwanzoni mwa kila kikao. Baada ya hapo msomee au msikilizishe ulichochagua kabla ya kukabidhi kazi. Akikataa kipande, kitoe bila kumbembeleza.

BintiShangani:
Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Wakili, sikuwa nimefikiria habari ya watoto wa wanaotajwa, na kuna majina mawili tayari itabidi nimuulize.

Swali moja la mwisho. Mara nyingine anaimba nyimbo za harusi, polepole. Kwenye Zoom zinakatikakatika, kwangu mtandao uko vizuri.

FundiMitambo:
Si mtandao. Zoom inachuja kelele, na sauti ya kuimba taratibu inaidhania kelele. Dawa iko upande wake, si wako: mjukuu awashe sauti asili (Original Sound) kwenye mipangilio ya sauti ya Zoom yake. Ile simu iliyo juu ya mto haichujwi na Zoom, kwa hiyo nyimbo zichukue huko.

Ukishazipata, weka nakala kwenye laptopu, kwenye flashi inayokaa kwa mtu mwingine, na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mwambie mjukuu asifute yake mpaka uwe umesikiliza zote tatu kutoka mwanzo hadi mwisho.