Cacio e pepe yanigandia madonge, nakosea wapi?

mpishi_malindi:
Habari zenu wapishi wenzangu. Nampikia mzee mmoja Mwitaliano hapa Malindi, mwaka wa tatu sasa. Tambi za nyanya, za kamba, za kombe, hizo napika nimefumba macho. Iliyonishinda ni cacio e pepe. Vitu vyenyewe vitatu tu: tambi, jibini ya pecorino na pilipili manga. Mzee ni mtu wa Roma, na hii ndiyo anayoiomba akikumbuka kwao. Jumapili nimemwagia jibini sufuriani juu ya moto mdogo, nikakoroga. Ikajivuta ikawa donge moja kama chingamu, imeng'ang'ania mwiko, na chini maji ya kijivu. Mzee alikula kimya, akasema grazie, yaani asante. Ile grazie imenikaa moyoni. Wenzangu wanasema nitie krimu. Nitie?

mama_wawili:
Mimi hutia krimu na siagi, haigandi kamwe, na watoto hawabakishi.

jikoni_testaccio:
Kaka, usitie. Dada hapo juu chakula chake najua kitamu, lakini mtu wa Roma akionja krimu atajua hii si yenyewe. Nipo mwaka wa tisa katika jiko la mkahawa mtaa wa Testaccio, Roma. Miwili ya kwanza nilikuwa naosha vyombo kando ya jiko la tambi, nikiangalia mikono ya mpishi mkuu.

Kosa lako ni joto. Wewe ni mtu wa pwani, unajua tui likiachwa lichemke ovyo hukatika. Pecorino ni hivyo hivyo: ikipita kama nyuzi 65, inajikunja na kuachana na maji. Kinachoishika ni wanga wa tambi. Kwa hiyo chemsha tambi katika maji machache, yawe meupe na mazito, na chumvi tia kidogo sana kwa sababu pecorino yenyewe ina chumvi kali.

Watu wawili: tambi gramu 240, pecorino gramu 160. Ikune laini kabisa. Itie bakulini, ongeza maji ya tambi yaliyopoa hadi vuguvugu, kidogo kidogo, usage kwa mgongo wa kijiko mpaka iwe rojo kama uji mzito. Pilipili manga ikaange kavu inukie, uitwange kinuni isiwe unga, kisha uimwagie upawa mmoja wa maji ya tambi ichemke. Opoa tambi dakika mbili kabla hazijaiva, zimalizie humo.

Sasa zima moto. Toa kikaango jikoni, subiri kama dakika moja. Hapo ndipo wengi tunaharibu kwa haraka. Ndipo utie rojo lako, ugeuze tambi kwa nguvu, ukiongeza maji hadi zing'ae.

mwalimu_fizikia:
Naongeza. Mwaka 2025 wanafizikia wa Italia walichapisha utafiti juu ya mchuzi huu huu. Wanga ukiwa asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa jibini, mchuzi haugandi madonge. Wanga ukipungua chini ya asilimia 1, madonge. Kwa gramu zako 160, chukua gramu 4 za konifulawa, pika na maji mililita 40 mpaka zigeuke jeli, iache ipoe, usagie jibini humo.

jikoni_testaccio:
Mwalimu, mpishi wangu mkuu angenuna, lakini kwa mtu anayejifunza ni njia salama.

mpishi_malindi:
Nimepika jana usiku, bila konifulawa. Kikaango nilikitoa nje kabisa, nikakiweka barazani. Imekuwa laini, imevaa kila tambi. Pembeni tu pana vipunje vidogo. Mzee amemaliza, kisha akafuta sahani kwa mkate mpaka ikawa nyeupe.

jikoni_testaccio:
Huko kufuta wanaita scarpetta, kiatu kidogo. Vipunje ni kukuna. Tumia upande wa matundu madogo, ule wa kukunia ndimu.