Safari ya Misri na Bibi

Khadija: Assalam alaykum warahmatullah watu wa nyumbani. Nimefungua grupu hii kwa jambo moja tu, safari ya Cairo na Bibi. Ya harusi na ya mchele tuyaache kwenye grupu ile nyengine tafadhalini. Pasipoti ya Bibi imetoka leo alhamdulillah

Salma: Wa alaykum salaam. Tangu asubuhi hajaiweka chini, kaifunga kwenye leso na kila jirani akiingia ukumbini lazima aonyeshwe 😍

Khalti Zena: Mashallah tabarakallah. Mwezi gani sasa?

Khadija: Novemba. Shule zimefungwa na joto la Misri limeshapoa. Julai kule ni moto wa kiangazi, na Desemba na Januari usiku wake ni baridi watu wa Amu (Lamu) hatuiwezi

Feisal: Wallahi nimefurahi!! Mi nshatengeneza ratiba nzima jana usiku. Siku ya kwanza piramidi za Giza na yale makumbusho mapya, siku ya pili makumbusho ya zamani pale Tahrir halafu ngome ya Salahuddin halafu jioni Khan el-Khalili, siku ya tatu gari moshi la alfajiri mpaka Alexandria turudi usiku, siku ya nne Saqqara na Memphis, siku ya tano tupumzike kidogo asubuhi halafu tukimbilie eapoti. Siku tano zatosha kabisa

Khadija: Feisal ndugu yangu, ngoja nikwambie kitu na sijawahi kukisema hapa. Mi nshaenda Cairo mara moja, mwajua, ile nilikwenda na wakala, siku tatu. Ratiba ilikuwa hiyo hiyo yako. Tulishushwa kwenye basi tukapewa dakika arubaini, tukapiga picha tukapandishwa, mnara huu hapa, msikiti ule kule, nikarudi na picha mia tano kwenye simu. Nilipofika nyumbani nikaenda kumuamkia Bibi, swali lake la kwanza likawa, "Umemsalimia Imamu?" Imamu Shafi. Sikuwa na jibu. Nilikuwa Cairo siku tatu nzima na sikufika kwenye kaburi la Imamu Shafi na wala sikumuuliza yule wakala, sisi ambao toka tuko wadogo chuoni twafundishwa udhu na sala kwa madhehebu yake. Bibi hakunilaumu, alinitilia chai tu akanyamaza. Mpaka leo lanikaa moyoni. Basi safari hii mi naomba ianzie pale na mengine yafuate

Khalti Zena: Allah. Pole mwanangu

Feisal: Sikujua dada Khadija. Basi nafuta, tuanze upya

Khadija: Usifute yote, piramidi tutakwenda hata Bibi anazitaka. Ni mwendo tu tupunguze

Salma: Bibi amenambia nimuandikie, asema hivi: "Wanangu, mimi sitaki kuzungushwa. Nataka nifike kwa Imamu nisome Fatiha, nikae chini, nipumue. Hata ikiwa ni siku moya nzima hapo hapo. Hayo mengine nitayaona kwa mato yangu Mngu akipenda."

Ami Hashim: Assalam alaykum. Samahani nilikuwa dukani, Malindi leo watu wengi. Mwambie mama nimemsikia, na hilo ni jambo la sawa kabisa. Nami nilisoma pale chuo cha Azhar, Cairo, miaka minne kwa hivyo ile mitaa naijua kwa miguu si kwa ramani. Kwa Imamu Shafi ni makaburini kusini ya mji, hakuna metro inayofika mlangoni, mtachukua teksi. Kuba yake ilijengwa 1211 na Sultani al-Kamil wa Ayyubi, ni kuba ya mbao imefunikwa risasi kwa nje, na ilitengenezwa upya ikafunguliwa 2021 kwa hivyo sasa rangi za ndani zaonekana vizuri kuliko siku zetu. Na lile sanduku la juu ya kaburi ni mbao za msaji zilizochongwa, Salahuddin ndiye aliyeamrisha, 1178. Mtu wa Amu akiona uchongaji ule atasimama tu. Sasa kuna kitu kimoja mkifika msiingie moja kwa moja, simameni nje kwanza mwangalie juu ya kuba. Pale mahali ambapo misikiti mengine huwekwa mwezi, pale pana mashua. Mashua ya shaba. Wasimulia kwamba zamani ikitiwa nafaka ndege wakala, na wengine husema ni ishara ya bahari ya elimu yake

Salma: Mashua juu ya kuba!!! Nimemsomea Bibi amesema nirudie mara ya pili

Khalti Zena: Kaka Bakari uko? Umesikia hayo?

Mjomba Bakari: Nipo nawasoma. Nyinyi nendeni mumpeleke mama, mimi mchango wangu nitatoa wote, ila safari sina. Hapa Matondoni nina chombo juu ya magogo mwenyewe ataka kishuke kabla kaskazi haijakaza. Na mimi majumba mabovu ya mafirauni sina haja nayo, mawe ni mawe

Feisal: Mjomba heshima zako lakini hebu nikuulize kitu. Mtepe, kile chombo chetu cha zamani, ulishonwa na nini?

Mjomba Bakari: Kamba za makumbi. Hauna msumari hata mmoja wa chuma. Tanga lake la miyaa. Kwa nini

Feisal: Kwa sababu Giza kando ya piramidi kubwa walichimba 1954 wakakuta shimo limefunikwa mawe, ndani mna chombo cha Farauni Khufu, kimekunjuliwa vipande vipande, mbao 1,224, zimepangwa na kamba ziko hapo hapo. Ni mierezi ya Lebanoni. Urefu mita 43 na kitu. Kimeshonwa mjomba. Kwa kamba. Kina miaka kama 4,600 na 2021 walikihamisha kizima kizima kukipeleka makumbusho mapya, ndipo kilipo sai

Mjomba Bakari: Kimeshonwa vipi? Uzi watoka nje ya ubao ama wabaki ndani?

Feisal: Ndani. Naona hapa kwenye picha, wametoboa njia ndani ya unene wa ubao kamba yapita kwa ndani, ukisimama nje huoni tundu. Wasema mbao zikiingia maji zafura na kamba zajikaza ndipo chombo chakaza chenyewe

Mjomba Bakari: Subiri kidogo nimalize kutia kalafati hapa, kuziba nyufa za mbao

Mjomba Bakari: Haya. Kwenye mtepe tundu zatokea nje ndipo zikazibwa kwa vijiti, babu yangu alinionyesha kwenye kipande cha ubao. Hii ya kupitisha ndani sijapata kuiona. Ni nani aliyekiunganisha tena? Maana mbao elfu na zaidi bila mchoro huo ni mtihani

Ami Hashim: Aliitwa Ahmed Youssef Mustafa, fundi wa kutengeneza vitu vya kale. Na alivyofanya mimi nilipenda sana shemeji: hakuanza na vitabu, alikwenda kwanza kwa mafundi wa majahazi wa Nile akakaa nao akajifunza vile mbao inavyokatwa na kupindwa, akatengeneza vidogo vya mfano, ndipo akarudi kwa kile cha Khufu. Alikaa nacho miaka zaidi ya kumi

Mjomba Bakari: Alikwenda kwa mafundi

Ami Hashim: Kwa mafundi

Mjomba Bakari: Huyo alikuwa mtu

Khadija: Mjomba 🥹

Khalti Zena: Haya wacha mimi nije kwenye la pesa maana bila hilo tutabaki kuandika tu. Nimepiga hesabu yangu, kila nyumba itoe elfu saba kila mwezi kuanzia mwezi huu, ya Bibi twagawana sisi watoto wake, Feisal na Salma watoe nusu. Nipokee mimi, na kila tarehe tano nitaweka hapa orodha nani ametoa ili kusiwe na maneno. Tiketi zisinunuliwe mpaka viza itoke, nawaombeni sana, mwaka jana jirani yetu alikata tiketi kwanza na pesa zote zikapotea

Khadija: Sawa Khalti. Viza tuanze mapema, ubalozi uko Nairobi. Na kwa Bibi, siku ya kukata tiketi tuseme hapo hapo kwamba ataka kiti cha magurudumu, tusingoje kufika eapoti. Yeye aweza kutembea lakini zile njia ndefu za Nairobi goti litamsumbua. Boti mpaka eapoti ya Manda, ndege mpaka Nairobi, tulale usiku mmoja, halafu Cairo ni kama masaa matano. Novemba Misri iko nyuma yetu saa moja kwa hivyo Bibi asishangae adhana

Ami Hashim: Hoteli msichukue karibu na msikiti wa Sayyidna Hussein ingawa roho itataka, ule mtaa haulali, mpaka saa nane za usiku watu wako nje wakila na watoto wao. Chukueni katikati ya mji lakini muulize lifti. Hoteli nyingi za pale ziko gorofa ya nne ya tano kwenye majumba ya zamani na lifti nyengine ni ya kamba na mlango wa chuma, siku yafanya kazi siku haifanyi. Mama hawezi ngazi. Na siku ya kwenda Hussein nendeni alasiri, msali Azhar ng'ambo ya pili ya barabara, ule msikiti ulimalizika 972, kisha muingie soko la Khan el-Khalili taratibu. Ijumaa asubuhi maduka mengi yamefungwa msiende

Salma: Na metro Ami? Nimesoma ni ya kwanza Afrika

Ami Hashim: Naam, 1987. Ni nzuri na ina mabehewa ya wanawake peke yao, wewe na Khadija mtastarehe. Ila na mama chukueni gari, pale stesheni kuna ngazi na msongamano. Kutoka kwa Imamu Shafi muende kwenye kaburi la Sayyida Nafisa si mbali. Mama aijua habari yake bila shaka, yasimuliwa kwamba Imamu alikuwa akienda kusoma kwake, na alipofariki jeneza lake lilipitishwa kwake bibi yule akamsalia. Mji ule waliosimama kwenye elimu si wanaume peke yao

Salma: Bibi asema "hiyo naijua, nimeisikia kwenye darsa, lakini sikujua kwamba ziko karibu." Sasa analia kidogo jamani, si kwa huzuni. Anasimulia vile marehemu Babu alikuwa na redio ya betri, kabla ya uhuru, na usiku wakikusanyika barazani kusikiliza Cairo ikitangaza kwa Kiswahili, na Waingereza hawakuipenda kwa hivyo sauti ikishushwa. Halafu Alhamisi ya kwanza ya mwezi ni Umm Kulthum, Babu hajui Kiarabu cha mtaani lakini hakuna aliyeruhusiwa kusema neno mpaka amalize

Khalti Zena: Nakumbuka mimi nikilazwa mapajani mwake wimbo wa saa nzima

Khadija: Basi lazima Roda. Kuna makumbusho madogo ya Umm Kulthum kwenye ncha ya kisiwa ndani ya Nile, magauni yake na miwani yake iko pale, na hapo hapo kando kuna kile kisima cha kupimia mto, Miqyas, cha mwaka 861, nguzo yenye alama katikati, maji yakipanda mpaka alama fulani wakajua mavuno yatakuwaje na kodi iwe ngapi. Ni asubuhi moja tu na hakuna kutembea sana

Feisal: Kwa hivyo ratiba mpya, sahihisheni: siku ya kufika tulale. Ya pili Imamu Shafi na Sayyida Nafisa na hakuna kingine. Ya tatu Giza mapema kabla ya jua kali, alasiri makumbusho mapya, pale hata sanamu ya Ramses mlangoni ni mita kama 11, na vitu vya Tutankhamun vyote viko pamoja zaidi ya 5,000, ila mi nasema tuanzie kwenye chombo. Ya nne kupumzika, jioni feluka, mashua ya tanga, kwenye Nile. Ya tano Azhar na Khan el-Khalili. Ya sita Roda. Ya saba msikiti wa Ibn Tulun kwa wanaoweza, wengine walale. Ya nane kurudi. Alexandria nimeitoa mwenyewe

Ami Hashim: Hii sasa ni ratiba. Giza wenye ngamia na farasi watawafuata, mkitaka kupanda patana bei kabla hujaweka mguu na useme ni ya kwenda na kurudi na kushuka, maana kushuka hulipishwa mbali

Salma: Chakula je? Bibi hali kila kitu

Ami Hashim: Atakula vizuri kuliko nyinyi. Mulukhiya ni mlenda ule ule, wao waupika na supu ya kuku na kitunguu saumu, na wali pembeni. Kushari ni wali, dengu na makaroni pamoja na kitunguu cha kukaanga juu, nyinyi vijana mtaishi nayo

Mjomba Bakari: Feluka zao zina tanga gani? La pembe tatu kama letu?

Ami Hashim: Pembe tatu shemeji, foromali, ule mti unaobeba tanga, ndefu imepanda juu sana maana upepo wa mtoni uko juu ya majumba

Mjomba Bakari: Hiki chombo nimezungumza na mwenyewe. Nikimweka yule kijana wangu kwenye mataruma, zile mbavu za chombo, tutashuka Oktoba. Khadija, kesho nakuja Amu na boti ya asubuhi, nitabeba kitambulisho na cheti cha kuzaliwa. Picha ya pasipoti yapigwa duka gani, na ni lazima kuvua kofia?