Wiski yenye harufu ya moshi na zahanati: naipeleka kwa baba mkwe Jumamosi, nipeni ushauri

KijanaWaArua
Wakubwa shikamooni. Shemeji yangu amerudi kutoka Uingereza na chupa ya Lagavulin, ile iliyoandikwa Distillers Edition, na kwenye boksi kuna maneno Pedro Ximénez. Anataka tuipeleke Jumamosi kwa baba mkwe, Mbarara. Mzee ni mstaafu wa jeshi, ndiyo maana tunaelewana kwa Kiswahili, kwani Runyankole yangu ni ya salamu tu. Yeye amezoea waragi, pombe kali ya huku Uganda, na maji, basi.

Jana shemeji alinionjesha. Kwanza moshi, tena moshi mzito, halafu harufu ya bandeji na spiriti ya zahanati. Nilipomeza koo liliwaka, kisha ukaja utamu wa zabibu kavu ukakaa mdomoni muda mrefu. Mpaka sasa sijui kama nimeipenda. Naogopa mzee atauliza kwa nini tumemletea dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Je, imeharibika? Tuweke barafu? Na iende na chakula gani?

Kaunta_Kololo
Haijaharibika, kaka, ndivyo ilivyo. Lagavulin inatoka Islay, kisiwa cha magharibi mwa Uskoti. Huko shayiri inaloweshwa, ikichipua inakaushwa kwa moshi wa mboji, ule udongo mweusi wa kinamasi unaotokana na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka. Wanaukata mabamba, wanauanika, wanauchoma. Moshi unaingia kwenye kimea kabla hata pombe haijapikwa. Harufu ya zahanati ni fenoli, kemikali zilizomo kwenye moshi huo. Utasikia watu wakitaja namba, kwamba kimea cha Lagavulin kina fenoli karibu sehemu 35 kwa milioni. Ni kweli, lakini hicho ni kipimo cha kimea. Ikifika kwenye chupa nyingi zimeshapotea njiani.

Utamu ni habari ya pipa. Wiski hiyo ikishakomaa inahamishiwa kwenye mapipa yaliyokaa sheri, divai ya Hispania, ya zabibu za Pedro Ximénez. Hizo ni zabibu nyeupe za Hispania, zinaanikwa juani mpaka zisinyae, na divai yake inatoka nyeusi, nzito, tamu kupita kiasi, tena imeongezewa pombe kali. Mbao zinainywa, kisha zinairudishia wiski. Kwa hiyo unaonja vitu viwili vinavyovutana, na kwa maoni yangu hapo ndipo raha yake ilipo. Chupa nyingine za namna hii utamu unafunika moshi kabisa, mpaka unajiuliza mboji ilichomwa ya nini. Hii haina kosa hilo.

Dereva_Mutukula
Na soda je? Mimi wiski bila Coca-Cola haishuki.

Kaunta_Kololo
Kwa bei ya chupa hiyo? Kanywe soda peke yake, ndugu yangu.

MamaNyabushozi
Mwanangu, huyo mzee unamwogopea bure. Kama amekulia kwenye ng'ombe huko Ankole, moshi anaujua kabla hajaanza shule. Ekyanzi, chombo chetu cha maziwa, kinaoshwa, kisha kinainamishwa juu ya ekicunga, chungu kidogo chenye nyasi zinazofuka moshi, moshi ujae ndani. Maziwa yakimiminwa humo yanachukua harufu ile, na mtu wa kwetu akipewa maziwa yasiyo na moshi anajua mara moja. Mwambie tu: baba, hii imefukizwa makusudi. Usimhutubie habari za Uskoti, wala usimwambie anapaswa kuonja nini. Na mkwe hamiminiwi glasi ikajaa. Weka kidogo, umpe kwa mikono miwili, umwache.

Chakula kiwe mbuzi wa kuchoma na chumvi. Eshabwe, mchuzi wetu wa samli, iacheni mpaka baadaye, mafuta yake yanaziba ulimi.

KijanaWaArua
Asante sana mama. Kaka wa Kololo, na barafu? Shemeji anasema bila barafu ni ushamba.

Kaunta_Kololo
Shemeji wako nampinga. Baridi inalaza harufu, na nusu ya wiski hii iko puani. Tafuta glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba. Usizamishe pua, ishike usawa wa kidevu, mdomo wazi kidogo, vuta taratibu, la sivyo pombe itakuchoma usisikie kitu. Funda la kwanza ni la kuzoesha ulimi tu, usilihukumu. La pili lizungushe mdomoni. Halafu dondosha maji kidogo kwa kijiko cha chai, subiri, nusa tena: ukali unashuka na zabibu zinapanda. Mzee akitaka kuongeza maji zaidi kama kwenye waragi yake, aongeze. Ina asilimia 43, hatakuwa amekosea.

Baada ya nyama, kipande cha chokoleti nyeusi. Kakao tunayo, Bundibugyo wanalima ya kutosha.

Mstaafu_Luzira
Jambo moja mmelipita. Harufu kali si dalili ya pombe mbovu, na harufu nzuri si dalili ya usalama. Methanoli, pombe yenye sumu, huwezi kuigundua kwa pua wala kwa ulimi. Kabale mwaka 2010 waragi iliyochanganywa nayo iliua watu wengi. Yako imetoka mkononi mwa shemeji, sawa. Lakini ukiona chupa kama hiyo mjini kwa bei ya kutupa, pita. Na mkiimaliza, chana lebo au vunja chupa, wapo wanaonunua tupu ili wajaze tena.

Kaunta_Kololo
Kweli kabisa mzee. Nyongeza: njiani isimame wima, msiilaze kama divai, pombe kali inakula kizibo. Na dereva asiguse mpaka mfike.

KijanaWaArua
Dereva ni mimi. Na kurudi pia ni mimi.

MamaNyabushozi
Basi mlale huko huko, mtarudi Jumapili.