Jiko jipya, naambiwa "tumia ekstensheni"!

Ndugu zangu, naandika mikono yatetemeka. Fundi mwenyewe mwamjua, sina haja ya kumtaja, yule wa tepu kiunoni na simu sikioni. Jiko langu amelimaliza leo. Makabati mazuri, kaunta yang'aa. Njoo kwenye soketi sasa! Ya friji ameipachika juu ya sinki, shubiri moja kutoka kwenye mfereji. Ya birika imo ndani ya kabati la masufuria. Ya blenda haipo kabisa. Nikamuuliza kwa adabu zote, fundi, friji itafikaje pale? Akanitazama juu mpaka chini: "Mama, tumia ekstensheni."

Ekstensheni! Wiki tatu nimemeza vumbi la ukuta kuchimbwa, niambiwe ekstensheni! Kila soketi nilimchorea kwa chaki, hapa friji, hapa maikrowevu, hapa blenda, sentimita 15 juu ya kaunta. Chaki yangu akaipiga plasta.

Leo nimesaga nazi nimepakata blenda kifuani kama mtoto mchanga, waya umevutika mpaka soketi ya sebuleni. Tui limenirukia hadi kwenye kope. Na birika langu ni wati 3,000. Kwa stima yetu ya volti 240 hizo ni ampea 12.5, na fyuzi ya plagi ya ekstensheni ni 13. Nikichomeka na maikrowevu papo hapo, nyumba nzima itanuka plastiki.

"Mama, tumia ekstensheni." Mbele ya mawifi zangu, wallahi!

Mzee wa Kisauni: Ulikuwa wapi plasta ikipigwa? Soketi hukaguliwa ukuta ukiwa wazi, si rangi ikishakauka.

Mwenye uzi: Nilikuwa matangani Malindi, siku tatu tu! Ndipo alipopata nafasi.

Kijana wa Tudor: Friji juu ya sinki 😂😂 samaki wajioshe wenyewe wakipanda.

Bi Likoni: Pole shoga, lakini wewe una soketi za kulalamikia. Mwenye nyumba wangu kaweka moja, nayo iko nyuma ya jiko la gesi. Kuchomoa friji mpaka nimwite jirani tusukume.

Mama Mahamri: Soketi si kitu. Mie nimewekewa sinki kama bakuli la kunawia. Sufuria ya pilau haiingii, naoshea uani kwa mpira.

Mwenye uzi: Jamani, soketi iko juu ya mfereji! Maji yakiruka je?

Kijana wa Tudor: Mama Mahamri, hiyo pilau ni ya lini?

Mzee wa Kisauni: Mpira una maji? Kwetu mfereji umekauka tangu juzi, twangoja mkokoteni.

Bi Likoni: Mtungi wa lita 20 kwenu wauzwa ngapi? Huku wametupandishia leo asubuhi.