Simu hairuhusiwi kiwandani na sukari yangu naisomea kwenye simu. Nifanyeje?

Mshonaji wa Mikindani
Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina kisukari cha aina ya kwanza tangu darasa la saba, sasa nina miaka 29. Miaka yote nilikuwa najidunga kidole. Mwaka huu kaka yangu aliye Uingereza alianza kuniletea sensa ya FreeStyle Libre 2, ile ya kupima sukari unayobandika nyuma ya mkono, inakaa siku 14. Sukari ikishuka, simu inalia kabla sijaanza kutetemeka.

Sasa mimi nashona kiwanda cha nguo za kupelekwa nje. Simu zote zinaachwa kwa soja getini hadi jioni, wanasema watu watapiga picha mitindo ya wateja. Kutoka geti hadi laini yetu ya kushonea Bluetooth haifiki. Majuzi sukari ilishuka hadi 2.9 mmol/L nikiwa kwenye mashine ya ovaloki. Kitambaa kinapita na mimi sijui nashona nini. Jirani yangu ndiye aliyeona jasho, akakimbilia soda. Huko getini simu ilikuwa imelia kwamba imepoteza sensa, soja akaizima sauti.

Supavaiza amekataa katakata, eti akiniruhusu mimi laini nzima itakuja na magonjwa. Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu, naogopa. Wenzangu wananiambia niifiche kwenye nguo.

Nesi wa Kisauni
Dadangu, usifiche. Ukishikwa umevunja sheria ya kiwanda, na ugonjwa wako hakuna atakayeuuliza. Libre 2 ina kisomeo chake, kidude kidogo kisicho na kamera wala laini ya simu. Hoja yao ya picha inaishia hapo. Mwambie kaka akuletee. Lakini sensa mpya uianzishe kwa kisomeo kwanza, ndipo uskani na simu ndani ya saa ile ya kwanza, sensa ikiwa bado inajiandaa. Ukianza na simu, kisomeo hakitaikubali. Na king'ora kitalia kwenye kisomeo, ndiko unakokitaka.

Pia peleka barua ya daktari, na isiishie kwenye "ana kisukari". Iseme unachohitaji: kisomeo mfukoni muda wote, kitu kitamu karibu na mashine, na ruhusa ya kusimamisha kazi sukari ikiwa chini ya 4. Gramu 15 za sukari, dakika 15 za kungoja, kisha upime tena. Hizo dakika ziandikwe, maana ndizo supavaiza atakazokunyima.

Baba Rehema, Shimanzi
Mama, uliza kwanza marufuku ni ya nini. Mimi niko kwenye matangi ya mafuta na natumia insulini. Kwetu tatizo ni mvuke wa petroli, kwa hiyo hata hicho kisomeo siwezi kuingia nacho, ni chombo cha umeme. Nilikubaliana na afisa wa usalama niwe natoka nje ya eneo kila baada ya saa mbili nipime. Kwako ni kamera tu. Una nafasi kubwa kuliko mimi.

Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi
Achana na supavaiza. Barua ipeleke kwa afisa wa wafanyakazi, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi kazini, na ulemavu umetajwa humo, lakini usiingie na maneno ya kesi siku ya kwanza. Omba kwa upole, kwa maandishi. Na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, kwa hiyo ugonjwa wako hautangazwi mbele ya laini.

Mshonaji wa Mikindani
Ahsanteni sana, nimelia nikisoma. Barua imepokelewa leo, jibu Ijumaa. Kwa sasa wameniruhusu kwenda getini saa nne na saa nane kuskani. Sensa inahifadhi saa 8 za nyuma, kwa hiyo grafu naipata, king'ora ndicho sina. Baba Rehema, nimeuliza, ni kamera kweli. Jirani yangu wa mashine nimemweleza mwenyewe, nimemwonyesha na droo yenye glukosi.